Watoto Wanane wa Jemadari

Wapo watu waliokutanishwa na harusi ya binamu, wapo waliokutanishwa na mvua chini ya kibaraza kimoja, na wapo, Mungu awape nguvu, waliokutanishwa na kwaya. Fundi na Karani walikutanishwa na meno.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi katika ukumbi wa sindano wa hospitali kubwa, mahali ambapo watu mia mbili hukalia mabenchi ya watu themanini, na bado mlinzi hupita akisema, "Sogeeni, sogeeni, nafasi ipo." Watoto walilia kwa zamu. Feni moja ilizunguka, nyingine iliitazama ikizunguka. Kwenye benchi la mwisho alikaa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu na bisibisi mfukoni. Alikuwa amekalia nusu yake tu; nusu ya pili aliitundika hewani kwa heshima ya jeraha. Huyo ndiye Fundi. Kazi yake ilikuwa kufufua majokofu.

Ubavuni pake aliketi binti mwenye gauni la njano lenye vifungo vyeupe, gauni la ofisini kabisa, ila miguuni alivaa mabuti ya mpira yenye matope. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji.

"Kaka, una namba ngapi?" akauliza.

"Sabini na tatu."

"Mimi sabini na nne. Umeng'atwa wapi?"

"Kwa mteja."

"Nauliza mwilini."

Fundi akatazama dari. "Dada, mimi na wewe ndio kwanza tunaonana."

Binti alicheka mpaka mama mmoja mbele akageuka kuona nani anafurahia hospitali. Fundi naye akacheka, akakumbuka jeraha, akaacha.

"Nilikuwa nimeinama nyuma ya friji," akajieleza. "Mbwa wa mteja akaona nafasi."

"Hana kosa. Umeingia kwake, ukamgeuzia mgongo, tena wote."

"Unamtetea?"

"Nawatetea wote. Hata huyu aliyenifanyia hivi." Akainua bendeji. "Mimi ni karani kule kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe."

"Karani wa mbwa! Wanaandikwa nini?"

"Siku ya kuingia na siku ya kutoka."

"Na wakitoka wanakwenda wapi?"

Binti alikunja kadi yake mara mbili, akaikunjua. "Inategemea," akasema.

Muuguzi, mama mnene asiye na mzaha, aliwadunga wote wawili bila kuuliza habari za nyumbani, kisha akawasomea hukumu: sindano tano za kichaa cha mbwa. Leo, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, na ya ishirini na nane. Atakayekosa moja asije kumlilia yeye. Kwa kuwa waling'atwa siku moja, kadi zao zilifanana kila mstari. Hakuna mshenga aliyewahi kupanga mambo vizuri kiasi hicho.

Sindano ya pili walibadilishana namba za simu. Ya tatu Fundi alikuja amenyoa ndevu. Ya nne Karani alikuja na viatu vya kawaida, na Fundi akaviona, na Karani akaona kwamba ameviona. Ilipofika ya tano walikuwa wakiitana "mgonjwa wangu", na muuguzi alipowaambia, "Mmemaliza, msirudi," walitoka getini na huzuni ya watu waliofukuzwa nyumbani.

"Sasa itakuwaje, mgonjwa wangu?" akauliza Fundi. "Nimepona."

"Njoo nikung'ate mimi," akasema Karani, kisha akaona haya na kukimbia kuvuka barabara.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa uani, nyuma ya duka la vioo. Majokofu yalisimama kwa safu kama askari waliosahauliwa kuambiwa vita vimekwisha. Siku ya kwanza Karani kufika, Fundi alikuwa akikata mipira ya milango, ile tepe ya kijivu yenye sumaku ndani inayofanya mlango wa friji ushike. Kwa kuwa alikuwa na mgeni, aliacha kazi na kuanza upuuzi: akarusha vipande kimoja kimoja kwenye mlango wa friji nyeupe, tak, tak, tak, mpaka vikachora moyo. Moyo ulikuwa umepinda kidogo upande wa kulia, lakini ulionekana.

"Na huyu?" akauliza Karani. Mbwa mmoja wa rangi ya udongo alikuwa amelala mlangoni, masikio chini.

"Huyo ni Jemadari. Aliachwa hapa na mpangaji aliyehama. Dume la kazi! Usiku hapiti mtu."

Karani akachuchumaa, akamkuna mbwa tumbo, akainama kuangalia vizuri.

"Fundi."

"Naam."

"Unatengeneza friji miaka mingapi?"

"Tisa."

"Vizuri, ubaki huko huko. Jemadari ni mwanamke."

Walicheka sana, na Jemadari akatikisa mkia, bila kujali cheo wala jinsia. Lakini Karani alipomaliza kucheka alikaa juu ya kompresa iliyokufa na kumweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mwanaume yeyote.

Kituo kilikuwa na vizimba thelathini. Mbwa walioletwa kwa wiki walikuwa arobaini, hamsini, wakati mwingine zaidi: waliookotwa, waliotupwa, waliofungwa getini alfajiri kwa kamba ya viatu. Kila mmoja alipewa siku kumi na nne za kungoja mtu. Asipokuja mtu, Alhamisi anakuja Daktari na mkoba wake wa sindano za mwisho. Orodha ya Alhamisi aliiandika Karani.

"Na ninawashika mimi," akasema. "Nimeweka sheria. Anayewalisha ndiye anayewashika. Ili mkono wa mwisho usiwe wa mgeni."

Fundi alichuchumaa mbele yake. Akamshika mkono, ule wenye kovu.

"Sikuambii ili unihurumie, mgonjwa wangu. Nakuambia ili umfunge huyu kizazi. Jumanne, chuo cha mifugo, saa tatu asubuhi. Wanafunzi wanafanya bila malipo, mwalimu wao akisimamia. Nitakuandikia karatasi. Mimi nakupenda, lakini sitaki mwanaume anayeniongezea foleni."

Fundi alisikia neno moja tu katika sentensi hiyo ya mwisho, lile la pili. Aliapa kwa mama yake, kwa bisibisi yake, na kwa gesi zote za dunia kwamba Jumanne saa tatu atakuwa pale.

*

Jumanne saa mbili na nusu chumba cha baridi cha bucha kikazima na ng'ombe watatu ndani. Mwenye bucha alipiga simu akilia machozi ya kweli. Fundi alikwenda. Saa nane mchana, akiwa amelala chali chini ya mashine, simu ikaita.

"Mgonjwa wangu, Jemadari ameamkaje?"

Fundi alikusudia kusema, "Sikumpeleka, bucha limezima." Maneno yalikuwa hayo tu. Lakini mikono ilikuwa imejaa mafuta, mwenye bucha alikuwa anapiga kelele, na sauti ya Karani ilikuwa na furaha ya mtu anayejua jibu.

"Ameamka vizuri," akasema.

Aliamua kumpeleka Jumanne inayofuata, na mambo yatakuwa sawasawa, na hakuna atakayejua. Jumanne inayofuata ikaja na friji ya hospitali ya meno. Jumanne ya tatu hapakuwa na haja tena, kwa sababu nje ya uzio wa karakana madume saba ya mtaani yalikuwa yamejipanga kwa utaratibu mzuri kuliko watu wa ukumbi wa sindano, na moja tayari lilikuwa ndani.

Jemadari alizaa wanane. Alizalia ndani ya friji kubwa iliyolazwa chali, mlango umeng'olewa, Fundi amemtandikia koti lake la zamani. Wote wanane walikuwa weusi kama masizi, wote na miguu ya mbele myeupe kama wamevaa soksi. Kati ya yale madume saba moja tu lilikuwa na soksi. Kesi ya baba ikaishia hapo.

Kwa miezi mitatu Karani hakukanyaga karakana. "Napuliza rangi, mpenzi, itakudhuru kifua." "Kuna gesi imevuja, laazizi, tukutane bustanini." "Jemadari? Yuko salama, anakusalimu." Maziwa ya Jemadari hayakutosha midomo minane, kwa hiyo Fundi akaanza kununua maziwa ya kopo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa njia ambayo hakuitarajia.

Karani aliishi na shangazi yake, mama mmoja mwenye duka la vitambaa na macho ya kuona mpaka nyuma ya ukuta. Jioni moja Karani alipiga simu bila salamu.

"Nani anakunywa maziwa ya kopo?"

"Maziwa yapi?"

"Shangazi alikuwa nyuma yako dukani. Makopo manne."

"Ni yangu mimi. Nina kidonda cha tumbo."

"Na ile chupa ya mtoto yenye chuchu?"

Fundi alifikiri haraka. "Ni kidonda kibaya sana."

"Una mtoto wewe! Una mwanamke na una mtoto, ndiyo maana hutaki nifike!"

"Naapa sina mtoto duniani!" akasema Fundi, na hiyo ilikuwa kauli yake ya kweli pekee katika mwezi mzima. Haikuaminiwa.

"Jumamosi nakuja kuangalia kwa macho yangu," akasema Karani. "Na shangazi anakuja." Simu ikakatika.

Zilibaki siku tatu. Fundi alifanya hesabu ya mtu mwenye hofu. Wateja alikuwa nao wengi, na kila mteja ana mlango, na kila mlango unahitaji mlinzi. Wale wadogo walikuwa na wiki nane, wanene, wachangamfu. Ili waonekane mbwa wa heshima aliwakatia mikanda ya shingo kwa ile mipira ya milango, akaifunga kwa gundi isiyoachia. Kila friji iliyotoka karakana wiki ile ilitoka na zawadi juu yake. Wengine walishukuru. Wengine walisema, "Aa, haya, lete." Fundi hakumwuliza yeyote ana uzio, ana muda, ana nia. Alikuwa anahesabu waliobaki, siyo wanakokwenda. Jemadari mwenyewe Fundi alimpeleka kwa mama yake mzazi, upande wa pili wa mji, matiti yakauke.

Jumamosi Karani alifika na shangazi. Walikuta karakana imefagiliwa, hakuna mtoto, hakuna nepi, hakuna mwanamke. Shangazi alifungua friji moja baada ya nyingine, hata zile ambazo mtoto asingeenea. Mwisho alisema, "Haya, nimekosea," maneno ambayo hakuwa ameyatamka tangu ujana wake, akaenda kungoja nje.

Karani alilia. "Nisamehe," akasema, uso wake kwenye ovaroli. "Nimekushuku bure. Wewe hujawahi kunidanganya hata mara moja. Nisamehe, mgonjwa wangu."

Na Fundi, akiwa na harufu ya maziwa bado kwenye mikono, alimsamehe.

*

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa mizuri. Jemadari, aliyesemekana alikwenda kulinda nyumba ya mama yake Fundi, alirudi amepungua, Karani akamtania kwamba amekuwa mrembo baada ya kufungwa kizazi. Fundi alizoea kucheka mahali hapo. Shangazi alianza kumwita "mwanangu" na kumletea friji yake ambayo haikuwa na ubovu wowote, ili tu aje nyumbani. Fundi alishazungumza na mama yake, na mama yake alishauliza saizi ya gauni.

Kisha ikaja Alhamisi moja, saa kumi na moja, jua bado kali. Karani alipiga simu akiwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya vizimba.

"Fundi."

"Mgonjwa wangu. Mbona sauti hiyo?"

"Leo walikuwa sita." Akavuta pumzi. "Wawili ni ndugu. Wana kama miezi mitano. Waliokotwa jalalani siku moja. Weusi, Fundi, miguu ya mbele myeupe mpaka hapa, kama soksi za shule. Mmoja alidhani tunacheza. Nilipomshika akanipa mguu. Kuna mtu alimfundisha kutoa mguu, halafu akamtupa."

Fundi alikuwa na bomba la shaba mkononi. Aliliweka chini polepole, lisitoe sauti.

"Upo?"

"Nipo. Nasikiliza."

"Alinipa mguu, nikaupokea. Nikaushika mpaka mwisho."

Jemadari alikuwa amelala kwenye kivuli cha friji, anaota, miguu inacheza. Fundi alimtazama yeye, kisha akatazama ukuta.

"Pole," akasema. "Pole sana, mpenzi wangu. Siyo kosa lako."

"Najua siyo langu," akasema Karani. "Natamani kujua ni la nani."

Kimya kikapita. Karani alidhani ni kimya cha mtu anayelia pamoja naye, akakipenda. Walikaa hivyo kwenye simu mpaka salio likaisha.

*

Wiki mbili baadaye mzee mmoja alileta mbwa kwenye gunia la mbolea. Alikuwa mweusi, mwenye soksi, na alinuka. Karani alipopapasa shingo yake vidole vilizama kwenye kitu. Mkanda. Alikuwa amefungwa akiwa mdogo, akakua, mkanda haukukua. Ulikuwa umeingia ndani ya nyama pande zote.

Ilichukua saa nzima, mkasi mdogo na maji ya chumvi. Mbwa hakuuma, alitetemeka tu. Karani alipoutoa mkanda aliutupa kwenye sinia la bati. Haukuanguka kama ngozi. Ulisema tak, ukashika.

Aliuvuta. Ukashika tena.

Aliuosha chini ya bomba mpaka damu ikaisha na rangi ya kijivu ikaonekana. Alikaa nao mkononi muda mrefu. Kisha aliufunga kwenye karatasi, akamwomba Daktari aje kumtibu kabla ya Alhamisi yake, akavua mabuti, akatoka.

Alimkuta Fundi akipiga mluzi. Hakumsalimu. Alikwenda mpaka friji ya kwanza, akafungua karatasi, akauweka mkanda mlangoni. Ukashika.

Mluzi ukakoma.

"Walikuwa wangapi?" akauliza Karani.

Fundi angeweza kuuliza wapi, nani, nini. Kwa mara ya kwanza katika jambo hilo hakufanya hivyo. "Wanane."

"Jumanne ile hukwenda."

"Bucha lilizima. Nilitaka kwenda wiki iliyofuata. Kisha nikaona aibu. Kisha..."

"Maziwa."

"Yalikuwa yao."

"Na mimi nikakuomba msamaha. Nikalia kwenye nguo zako." Karani hakupaza sauti, ingekuwa afadhali apaze. "Wale wawili wa Alhamisi. Nilipokwambia soksi. Ulijua?"

Jemadari alikuwa amekuja kumlamba Karani mkono. Hakuna aliyemzuia.

"Nilijua," akasema Fundi.

"Ukasema nini?"

"Nikasema pole."

"Ukasema siyo kosa langu. Mimi nikakaa kwenye ile ndoo nikijiambia, angalau nina mtu wa kulia naye. Kumbe nilikuwa nalia peke yangu, na wewe unanisikiliza."

Aliondoka. Hakuuchukua mkanda. Uliachwa pale mlangoni, na Fundi hakuweza kuutoa mpaka jioni.

*

Fundi alimpigia simu mara ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu ilipokelewa na shangazi.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ambayo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu haikuwa na ukali, "mimi nilitafuta mtoto mmoja kwenye friji zako. Sikujua nitafute wanane. Muache apumzike."

Fundi hakupiga tena. Jumanne saa tatu kasorobo alikuwa chuo cha mifugo, Jemadari mabegani kama kondoo, na bucha nalo lilizima siku hiyo hiyo, na mwenye bucha alipiga simu akilia, na Fundi aliizima simu. Baada ya hapo alichukua daftari la wateja na kuanza kugonga milango.

"Ule mzigo wako?" akasema wa kwanza. "Uligongwa na gari zamani."

Kwa wa pili hakukuwa na mbwa, kulikuwa na "Alitoka getini, hakurudi." Mwalimu mstaafu alimwonyesha mbwa mnene amelala kwenye kochi bila wasiwasi, na Fundi alikaa naye dakika kumi akimtazama kama mtu aliyeingia hekaluni. Wawili aliwakuta juu ya paa la ghorofa, wamefungwa kwa waya mfupi, mikanda imebana lakini bado haijakata. Mwenyewe alifurahi kupunguziwa kelele. Fundi aliwakatia mikanda pale pale, akashuka nao ngazi za ghorofa nne, mmoja kila kwapa.

Alibaki yule wa gunia. Jumatano alikwenda kituoni kumchukua. Karani alimfungulia geti na kumwita Daktari ajibu yeye.

"Sumu ya kidonda imeingia kwenye damu," akasema Daktari, mtu mpole mwenye miwani ya kamba. "Hanywi maji tangu jana. Kesho nitampumzisha. Ningekuwa na la kufanya ningefanya."

Alhamisi Fundi alirudi. Alisimama kwenye mlango wa kile chumba kidogo chenye meza ya chuma na dirisha lililopakwa rangi nyeupe. Karani alikuwa tayari amevaa aproni.

"Niache nimshike mimi," akasema Fundi.

"Anayewalisha ndiye anayewashika."

"Nilimlisha. Wiki nane, kwa chupa. Alikuwa wa tatu kuzaliwa, na alikuwa wa mwisho kushiba kila siku."

Karani alimtazama. Alikuwa amekonda, amenyoa, amevaa ovaroli safi yenye alama za pasi. Karani alivua aproni, akampa.

Mbwa hakuinua kichwa. Lakini Fundi alipomkumbatia, pua ilisogea kwenye kifua chake, ikanusa, ikanusa tena, na mkia ukagonga meza. Mara mbili. Daktari alingoja mkia utulie, kisha akafanya kazi yake. Fundi alisema maneno aliyokuwa akiwaambia wote wanane asubuhi, maneno ya kipuuzi tu, "haya jeshi, haya jeshi, nani hajanywa," akayarudia mpaka Daktari alipomgusa bega.

Daktari akatoka kunawa mikono. Walibaki wawili.

"Nataka kukuoa," akasema Fundi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya meza, bado amemshikilia mbwa.

"Unaniambia hapa?"

"Sina mahali pengine utakaponisikiliza."

Karani alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. "Nimekusamehe Jumanne ile. Nimekusamehe na maziwa. Mtu akiogopa husema lolote. Lakini ile simu, Fundi. Nikiwa mkeo, siku moja nitakupigia, wewe utanyamaza kidogo, pengine umemeza mate tu. Na mimi nitajiuliza, ni nani tena amekufa?"

"Sitanyamaza tena maisha yangu yote."

"Najua. Utaongea mfululizo kama redio, kwa hofu. Na mimi nitakusikiliza kwa hofu. Hayo ni maisha?"

Fundi alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Hunipendi tena?"

"Nakupenda sana," akasema Karani. Alimfuta uso kwa pindo la gauni lake, pande zote mbili, taratibu, kama mtu anayefuta kioo cha gari la mwenzake kabla ya safari. "Ndiyo maana nakuambia mwenyewe, hapa, tukitazamana. Nisije nikakunyamazia na mimi."

Karani ndiye aliyesimama kwanza.

Walimzika mbwa nyuma ya vizimba, Fundi akichimba. Alipomaliza aliwafungua wale wawili wa paani aliokuwa amewafunga mtini, akaelekea getini. Getini alikuwepo mama mmoja aliyevaa vizuri, amebeba beseni lililofunikwa taulo, na Karani alikuwa amekwisha fungua daftari.

"Nimewaokota njiani," mama akasema. "Sita. Nikasema niwalete, nisije nikapata dhambi."

Karani aliinua taulo. "Matumbo yamejaa, mama. Wamenyonya asubuhi hii. Mama yao yuko wapi?"

Mama akatazama viatu vyake. "Yuko nyumbani. Ni wa watoto wangu. Nilidhani... bado ni mdogo, nilidhani hawezi."

Fundi alikuwa amekwisha toka nje. Akarudi hatua mbili, mbwa wakimzunguka miguu kwa kamba.

"Mama, samahani. Nyumbani ni wapi? Jumanne asubuhi nitakuja nimchukue mama yao, nimpeleke chuo cha mifugo, jioni nikurudishie. Usisumbuke na kitu."

Mama alimpima kutoka kichwani mpaka kwenye mabuti, kisha akamgeukia Karani kwa tabasamu la kike. "Mwanaume mwema huyu. Ni mumeo?"

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Nyuma, vizimba vyote thelathini vilikuwa vikibweka, kwa kuwa muda wa chakula ulikuwa umefika.

"Hapana, mama," akasema Karani. "Ni fundi wa friji."

Aliandika: sita. Aliandika tarehe ya kuingia, akahesabu siku kumi na nne mbele kwa vidole, akaandika na ile ya kutoka. Hakuinua macho.

"Lakini hiyo Jumanne mngoje," akasema. "Atakuja."